Mstari wa Tano

Siku Mwalimu alipoondoka nilikuwa nakunja upindo wa sketi ya shule. Alipita nyuma yangu, akasimama mlangoni akivaa viatu bila kuinama, akivikanyaga visigino kama kawaida yake, akasema, "Fundi, chaki zimekwisha. Nafika dukani mara moja. Usifute ubao."

"Nimewahi kuufuta lini?" nikamjibu, pini zikiwa mdomoni.

"Wiki iliyopita ulifuta nusu."

"Nilipangusa vumbi."

"Vumbi lile lilikuwa somo," akasema, akacheka, akatoka.

Dukani aliomba boksi la chaki nyeupe, akaegemea kaunta, kisha akaketi chini taratibu kama mtu aliyechoka. Hakuinuka tena. Tuliporudi kutoka makaburini, muuza duka alinifuata uani na lile boksi mkononi. "Alikuwa ameshaliomba," akasema. Nililipokea kwa mikono miwili, na sikujua niliweke wapi.

Mimi nilimwita Mwalimu naye aliniita Fundi, hata tulipokuwa wawili tu. Hatukujaliwa mtoto. Alifundisha Kiingereza sekondari mpaka akastaafu, na muda wote huo, jioni, alikuwa na darasa la watu wazima katika chumba chetu cha mbele. Chumba chenyewe tulikigawa kwa pazia la kaki nililolishona kwa mabaki ya kaptula za wanafunzi. Upande wangu kulikuwa na cherehani, meza ya kukatia na pasi. Upande wake kulikuwa na mabenchi mawili na ubao, yaani ukuta uliopakwa rangi nyeusi. Kando ya ubao alipigilia misumari midogo, mmoja chini ya mwingine, kila mstari wa maandishi na msumari wake.

Kwenye misumari hiyo wanafunzi walining'iniza vifungo vya shati. Vifungo hivyo nilivitia uzi mimi. Alikuja siku moja akaniambia, "Fundi, nipe vifungo kumi na viwili, vyote vyeupe, vyote sawasawa, kila kimoja kiwe na kitanzi chake." Nikamtilia. Nilidhani ni vya mahudhurio, kwamba kila anayefika anatundika chake. Sikuuliza.

Kutouliza kwangu kulikuwa na sababu. Mimi niliishia sekondari, na Kiingereza nilipata alama ambayo sikumwonyesha baba yangu. Halafu kulikuwa na kile kicheko. Karibu kila jioni, darasa likianza tu, nilisikia kitambaa kikipangusa ukuta, Mwalimu akisema jambo kwa sauti ya chini, na wote wakiangua kicheko. Nilijua wananicheka mimi, au kelele za cherehani yangu. Basi nilikuwa nainua mguu kwenye kanyagio na kusubiri wamalize kucheka ndipo niendelee kushona. Miaka yote hiyo sikumwambia, kwa kuwa nilichelea kwamba nikimwambia atanijibu, "Ndiyo, tulikuwa tunakucheka wewe."

Alipofariki, darasa lilikuwa na watu watatu. Wa kwanza tulimwita Babu Geti, mlinzi wa kiwanda cha magodoro, aliyekuwa na wajukuu ng'ambo wasiojua neno la Kiswahili. Wa pili alikuwa Dereva, mtu wa lori la taka, mwenye utani usio na breki. Wa tatu tulimwita Nesi, ingawa hakuwa nesi. Alikuwa akipiga deki wodini. Wenzake kazini ndio waliompa jina hilo kwa kejeli walipomwona anasoma wakati wa mapumziko: "Haya, Nesi, tupishe na ndoo yako." Alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi. Chuo kilikuwa na kikomo cha umri, na kwake yeye kikomo hicho kilikuwa karibu kufika.

Nesi ndiye aliyekuja baada ya matanga. Alikaa kwenye kigoda changu cha wateja, akaupapasa mkanda wa kupimia kama anayetafuta pa kuanzia.

"Mama Mwalimu, mtihani umekaribia."

"Tafuta mwalimu mwingine, mwanangu."

"Saa hizi nitampata wapi? Na wewe umemsikia kila siku. Mwenyewe alikuwa akisema, Fundi wangu akitoka nyuma ya pazia mimi sina kazi."

"Alikuwa anatania."

"Alikuwa anatania, lakini hakuwa anadanganya."

Wifi yangu, dada mkubwa wa Mwalimu, anakaa nyumba inayotazamana na yetu uani, na kwa masikio ya wifi ukuta haujajengwa. Nesi alipoondoka tu, akaingia.

"Nimesikia. Cherehani na chaki, wapi na wapi?"

"Sijamkubalia, wifi."

"Wala hujamkatalia. Nakujua. Ndugu yangu alikuwa na jina mjini hapa. Ukisimama pale mbele ukababaika, hawatasema Fundi kababaika. Watasema nyumba ya Mwalimu hakuna kitu."

Alisema kweli. Lakini jioni hiyo nilifungua pazia nikaukuta ubao kama alivyouacha. Aliuandika mchana wa siku aliyokwenda dukani. Ilikuwa mistari sita kwa mwandiko wake uliolala kidogo upande wa kulia. Aliniambia nisifute, na sikufuta. Nikajiambia, somo hili limeshaandikwa. Kinachotakiwa ni mtu wa kulisoma tu. Nikatuma waitwe.

Walikuja wamevaa nguo safi kama watu waendao kwenye shughuli. Babu Geti alivua kofia. Mimi nilisimama mbele nimevaa aproni yangu ya kazi yenye pini kifuani, maana nilisahau kuivua, na nilipokumbuka ilikuwa ni aibu zaidi kuivua mbele yao.

Somo lilikuwa juu ya vitenzi. Kiingereza kina vitenzi vya aina mbili, na Mwalimu alikuwa na njia yake ya kuvieleza ambayo nilikuwa nimeisikia mara nyingi hata naweza kuisema usingizini. Nikaisema.

"Kuna kitenzi chenye ndoa na kitenzi kapera. Chenye ndoa kina mwenyewe na kina tarehe. Ukikiuliza, wa nani wewe? kinajibu. Ukikiuliza, wa lini? kinajibu. Na kwa ajili ya mwenyewe kinabadilika. I go, lakini she goes. Hiyo s ya mwishoni ndiyo pete. Kapera hana mwenyewe wala hana tarehe. To go. Going. Gone. Kapera hukaa sebuleni kwa watu, na peke yake hawezi kusimamisha sentensi."

Hata kikohozi chake nilikikohoa, pale alipokuwa akikohoa. Nilikisikia kikitoka kooni kwangu na nikatamani ardhi ipasuke.

"Mama Mwalimu," Dereva akadakia, "sasa kitenzi chenye ndoa kikifiwa na mwenyewe, kinahesabiwa wapi?"

Babu Geti alimpiga mgongoni kwa kofia yake. Dereva mwenyewe alishatambua alichosema. Uso wake ulinyong'onyea kama nguo iliyotolewa maji.

"Nisamehe, mama. Ulimi hauna mfupa."

"Hilo Mwalimu hakulifundisha," nikasema, nikageukia ubao ili wasinione.

Tukaenda mstari kwa mstari. Wa kwanza ulikuwa mwepesi, *She goes to work*, pete ile pale. Wa pili vilevile, ila ni wa jana. Wa tatu, *She wants to go to work*, mwenye ndoa ni *wants* na kapera ni *to go*. Wa nne niliumudu. Nikafika wa tano. Mwalimu aliandika: *She can goes to work.*

Hapo nikakwama. Masomo yake niliyasikia kwa vipande, katikati ya mishono, ninapobadili uzi au ninapopima. Cherehani yangu ilikuwa ikimeza maneno yake, na siku alizofundisha neno *can* huenda ilikuwa imemeza yote. Nilitazama mstari ule nikaona *goes* ina pete kidoleni. Nikatazama *can* nikaiona imesimama ubavuni pa mwenyewe, ndani kabisa, kama mtu wa nyumbani. Wote watatu walikuwa wakinisubiri. Nesi alikuwa ameinua kalamu.

"Hii," nikasema, "ni ndoa ya wake wawili."

"Alaa!" Babu Geti akaketi wima.

"Mume mmoja, wake wawili, na wote ni halali. *Can* ni bi mkubwa, ndiyo maana anakaa karibu na bwana. *Goes* ni bi mdogo, bado pete yake inang'aa."

"Na hawagombani?"

"Hawagombani, babu. Ni Waingereza."

Walicheka mpaka benchi likalia. Nami nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na nilisimama pale nikijisikia mtu. Nilifurahi. Kila ninapoikumbuka furaha ile, hata leo, huwa nauficha uso ingawa niko peke yangu.

Mwisho wa darasa Nesi akaniambia kwa upole, "Mama, hebu tazama dirishani kidogo." Nilidhani wanataka kumuaga Mwalimu kwa namna yao, au mmoja wao anataka kulia. Nikaenda dirishani. Mtaani mtu alikuwa akisukuma baiskeli yenye pancha, na mtoto akimfuata na kandambili moja mkononi. Nyuma yangu nilisikia hatua na mlio mdogo wa vifungo. Nilipogeuka walikuwa wanaaga. Vifungo viwili vilikuwa kwenye msumari wa tatu na kimoja kwenye wa tano. Watu watatu, vifungo vitatu. Mahudhurio kamili. Nikavitoa nikavirudisha kwenye kopo la vifungo.

Masomo yaliyofuata niliyatoa katika kitabu chake. Sikutaka kugusa ubao, kwa hiyo niliandika kwenye karatasi za kaki ninazochorea vipimo vya nguo, nikazibana kwa pini kwenye pazia. Ile mistari sita ilibaki ukutani. Nesi, kila alipofika, aliitazama kwanza kabla ya kuketi. Siku moja aliniuliza, "Mama, ule wa tano unabaki?"

Nilidhani ananiuliza kama nitaufuta mwandiko wa mume wangu.

"Unabaki," nikamjibu. "Yote unayoiona inabaki."

Akaitika kwa kichwa. Akaandika kitu.

Siku ya mtihani alipita kwangu moja kwa moja kutoka chuoni. Nilikuwa napiga pasi kola. Alikuwa amevaa gauni nililomshonea mwenyewe, la buluu, na uso wake umefunguka.

"Mama, nimejaza ukurasa mzima!"

"Swali lilikuwaje?"

"Kama waliokuwa wananijua. Eleza anachoweza kufanya muuguzi. Nikawashushia. *A nurse can washes. A nurse can feeds. A nurse can helps.* Kila sentensi nimeiozesha wake wawili, hakuna hata moja niliyoiacha na kapera." Akacheka, nami nikacheka. "Na msahihishaji aliponiuliza kwa mdomo nani kanifundisha, nikamtaja Mwalimu kwa sauti kubwa."

"Umefanya vizuri, mwanangu."

"Lakini nikuambie ukweli, mama. Mstari ule mimi nilikuwa naushuku. Siku ile ya kwanza niliweka kifungo changu pale pale. Nikaja siku ya pili, hujaufuta. Nikakuuliza, ukasema unabaki. Nikasema basi, nimekosea mimi, mwizi yuko kwingine."

"Mwizi gani?"

"Mwizi wa Mwalimu." Bado alikuwa anatabasamu.

"Nesi. Mwizi gani?"

Nilisikia harufu ya kitambaa kikianza kuungua, nikainua pasi. Tabasamu lilimtoka kidogokidogo. Alinieleza polepole, kama anayemweleza mgonjwa.

Mwalimu, kila somo, aliandika mstari mmoja wenye kosa makusudi. Huo ndio uliokuwa mwizi. Aliusoma kama mingine, akautetea kama wakili, bila kupepesa macho. Mwisho wa darasa aligeukia dirishani, na kila mmoja akaning'iniza kifungo kwenye msumari wa mstari anaoushuku. Vifungo vyote vilikuwa sawa ili asijulikane aliyekosea. "Alisema mtu mzima akiaibishwa mara moja harudi tena darasani," Nesi akaniambia. Na mwizi hakutajwa kwa mdomo kamwe, hiyo ilikuwa sheria. Darasa lililofuata Mwalimu aliufuta mstari wa mwizi akasema, "Amepewa kifungo," na watu wakacheka. Mstari usiofutwa ulikuwa mstari wa kweli.

"Ndicho mlichokuwa mnakicheka?" nikauliza.

"Ndicho. Ulidhani nini?"

Nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia miaka yote ile, mguu juu ya kanyagio, nikisubiri watu wamalize kumcheka mwizi.

Nesi alikwenda mbele ya ubao. Alisimama muda mrefu. "Anaweza anakwenda," akasema, akiupima ule mstari kwa Kiswahili. "Anaweza anakwenda. Hata sisi hatusemi hivyo, mama. Tunasema anaweza kwenda. Yule wa nyuma ni kapera." Akageuka. "Na mimi nilijua. Nilikuwa nimeshajua."

Yeye ndiye aliyekuja akanishika bega.

"Labda hawatakata sana," akasema.

Alinifariji mimi. Gauni alilovaa lilikuwa na mshono wangu umenyooka kama rula, na nikawaza kwamba hicho tu ndicho ningempa mtu bila kumharibia.

Matokeo yalibandikwa kwenye geti la chuo. Jina lake halikuwapo. Jumatatu alirudi wodini na ndoo yake.

Maneno nayo hayakukaa. Msahihishaji alikuwa na mdomo, na habari ya ukurasa ule ikatoka chuoni ikaja mtaani. Dereva aliingia kwangu jioni moja, ukosi wa shati umechanika.

"Nishonee hapa, mama. Kuna mpuuzi mmoja gereji anasema marehemu alikuwa anafundisha Kiingereza cha kwake mwenyewe, cha kutunga. Nikamkamata. Nikamwambia, wewe unajua nini? Wake wawili unawajua? Mama Mwalimu katufundisha, mstari uko ukutani mpaka leo, njoo uusome!"

"Ukamwambia hivyo?"

"Mbele ya watu wote."

Nilimshonea ukosi. Sindano ilinichoma mara mbili.

Alipoondoka, wifi alikuwa ameshasimama mlangoni na ndoo ya maji na brashi ya kupigia chokaa. Nesi alikuwa amemweleza, au ukuta ulimweleza.

"Tuumalize leo," akasema. "Nipake ukuta wote mweupe. Hakuna ubao, hakuna kosa. Watu watasema wiki mbili, watachoka."

"Na Dereva? Na Babu Geti? Watabaki wanajua mstari ule ni wa kweli."

"Mmoja anaendesha taka, mwingine anafungua geti. Kiingereza kitawaua?" Aliweka ndoo chini, na sauti yake ikashuka. "Wifi, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Wewe ndiye mwosha. Nyamaza. Mfunike ndugu yangu."

Nilimpenda kwa neno lile, maana alilisema kwa uchungu wa dada. Nililifikiria huku nikikunja vitambaa, na nilipokwisha kukunja nikaona halikuwa mahali pake. Mwosha hufunika aibu ya maiti. Mwalimu hakuwa na aibu yoyote ya kufunika. Aliandika kosa akijua ni kosa, na angerudi na chaki zake angelifuta. Aibu ilikuwa yangu, na nikinyamaza nitakuwa nimemvisha yeye, huko aliko, nguo niliyoishona mimi.

"Acha ndoo, wifi," nikasema. "Brashi chukua."

Niliwaita wote watatu. Safari hii nilivua aproni mapema, na nikaomba kusimama kando, si mbele. Wifi alisimama penye pazia, mikono kifuani.

Niliwaambia. Nilisema sikuwa najua habari za mwizi. Nilisema vifungo nilidhani ni mahudhurio, na wake wawili niliwatunga pale pale nilipokwama, kwa kuwa walikuwa wananitazama. Nilisema mstari wa tano ndio mwizi, na Mwalimu aliuweka makusudi. Nilisema Nesi aliukamata siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyekitoa kifungo chake msumarini nikakitia koponi. Nilizungumza haraka, macho yangu kwenye viatu vyao.

Dereva alikuwa wa kwanza kusema.

"Kwa hiyo mimi nilimkamata mtu ukosi kwa ajili ya wake wawili ambao hawapo."

"Ndiyo."

"Na nikamwita mpuuzi."

"Ndiyo, mwanangu."

Alichukua kofia yake akatoka. Hakupiga mlango. Ningependa angeupiga.

Babu Geti alikuwa bado anafikiri. "Mimi nilimwandikia mjukuu," akasema. "Nikamwambia, *Grandfather can comes.* Akanirudishia vile vikatuni vya kucheka, vingi, vimejaa simu nzima. Nikawaonyesha wenzangu getini. Nikawaambia, mnaona alivyofurahi?" Akaipangusa simu yake kwenye goti. "Basi. Alicheka, si alicheka? Kucheka ni kucheka."

Hakukuwa na mtu aliyecheka.

Nililowesha kitambaa katika ile ndoo ya wifi. Nilidhani nitafuta mara moja, lakini mkono ulikwenda herufi kwa herufi, kutoka upande wa kulia. Chaki ilikuwa imekaa muda mrefu, ikawa ngumu kutoka. Herufi *S* ya mwanzo aliiandika kubwa, na mkia wake unagusa mstari wa juu. Nilimaliza, ukuta ukabaki na utepe mweusi uliolowa kati ya wa nne na wa sita. Nilijaribu kusema yale maneno yake, amepewa kifungo. Hayakutoka.

Wifi aliniondolea kitambaa mkononi, akakikamua yeye mwenyewe, akaenda nacho uani.

"Mama," Nesi akasema, "tazama dirishani kidogo."

Nikatazama. Mtaa ulikuwa mtupu. Nilipogeuka, Nesi na Babu Geti walikuwa wameshafika mlangoni, na kwenye msumari wa tano kulikuwa na vifungo viwili.

Dereva hajarudi. Nasikia alikwenda gereji akamwomba yule mtu radhi, na hakueleza kwa nini. Lori lake hupita kwetu asubuhi, naye hupiga honi kwa wifi.

Jumamosi huja binti mmoja anayefundisha sekondari, mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu. Tulimweleza habari ya misumari na vifungo kabla hajagusa chaki, na chaki anazotumia ni zile za boksi la dukani. Mistari mitano ya Mwalimu bado iko pale juu, naye huandika chini yake. Pazia nimelifunga kwa kamba pembeni. Mimi nakaa benchi la nyuma, karibu na Babu Geti, na cherehani siigusi mpaka darasa liishe. Juzi niliweka kifungo changu kwenye msumari wa pili. Sio niliopaswa, mwizi alikuwa wa kwanza.

Nesi bado anapiga deki. Mtihani mwingine ni mwakani, na kwa umri wake ndio wa mwisho atakaoruhusiwa kufanya. Amekwisha kujiandikisha.